Ng'ombe wa Wegesa Wana Magurudumu

Jumapili, 7 Septemba 2025

Sikwenda kanisani. Nimeosha gari. Mungu anajua nimekuwa nikiabudu nini tangu mwaka jana, kwa hiyo sina haja ya kwenda kumdanganya kwenye benchi.

Passo yangu ikiwa safi inapendeza, jamani! Rangi ya chai yenye maziwa mengi. Ndogo—vijana wa bodaboda pale stendi ya Tarime wanaiita kobe. "Kobe wa Thadeo leo kaoga!" Waseme. Mafuta inanusa tu, hainywi. Inageukia kwenye uchochoro ambao Noah inatoka kinyumenyume. Viti vya nyuma vinalala, vitunguu vya Sirari vinaingia. Ukiwasha, mwanamke wa Kijapani anasema kitu ndani ya redio. Abiria huniuliza anasemaje. Huwaambia anawaombea safari njema. Hakuna aliyewahi kubisha.

Ubaya wake? Nitauandika siku nyingine.

Mchana Wegesa amepiga simu. Mdogo wangu huyu hapigi simu kuomba. Husalimia, halafu hunyamaza, nawe unaelewa. Leo hakusalimia. Nimfuate Natta, kesho kutwa, mumewe, Werema, atakuwa mnadani Mugumu. Nikauliza kuna nini.

"Njoo na hiyo gari," akasema. "Si ni yangu pia?"

Sikucheka. Na yeye hakucheka.

Jumanne, 9 Septemba

Nimerudi naye. Mtoto mgongoni, mfuko mmoja. Mkono wake wa kushoto haunyanyuki vizuri. Akasema alianguka. Tulipoipita Mugumu akasema hakuanguka.

Basi, ukweli wa gari hili, maana kwenye daftari nitamficha nani. Werema alipomwoa Wegesa, ng'ombe wake waliingia zizini kwetu. Kwa kawaida yetu, ng'ombe wa dada humwolea kaka. Kaka ni mimi. Nilitakiwa nitafute mke. Nikawapeleka mnadani, nikarudi na Passo. Wazee walishika vichwa! Baba ndiye aliyenitetea: "Na gari nayo itazaa. Itazaa hela, hela itazaa ng'ombe." Mpaka leo haijazaa kitu. Na maadamu ng'ombe hawajarudi kwao, Wegesa ni mke wa Werema, alale Natta, alale kwetu, alale mwezini. Hilo kila mtu huku analijua. Mimi nililijua hata ile siku ya kwanza nilipokuwa napiga honi bila sababu.

Tulipovuka Mto Mara na kuanza kupanda, taa nyekundu ya moto ikawaka. Nikasimama, nikasingizia haja ndogo. Boneti ikaanza kufuka kama chungu cha makande.

Haya, ndio ubaya wenyewe. Mwezi wa saba nilitoka Sirari nimejaza watu na vitunguu, taa hiyohiyo inawaka, nikaendelea kukanyaga kwa sababu nilitaka kuwahi tripu nyingine. Wajapani hawahusiki. Mimi ndiye niliyeipika. Tangu hapo inakunywa maji kuliko mimba ya mapacha.

Wegesa akashuka bila kuuliza. Akasubiri ipoe, akamimina maji kwa mkono wake mzima. Akachungulia ndani.

"Kwa hiyo hizi ndizo ng'ombe zangu?"

"Ndizo."

"Mbona zinaharisha?"

Nilicheka sana. Halafu nikaona nacheka peke yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Baba kamwita Wegesa. "Kila nyumba ina moshi, mwanangu."

"Ya kwangu ina fimbo, baba."

Baba akainuka, akasema anakwenda kuangalia kuku. Hatuna kuku.

Ijumaa, 12 Septemba

Werema amenipigia. Sauti ya upole, kama ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe, mura. Nipe mke au nipe ng'ombe zangu. Jumamosi ijayo, si ya kesho, nakuja na baba mdogo." Akaniuliza hata habari za afya. Nikasema nzuri. Mkono ambao ulimvunja nguvu dada yangu ndio ulikuwa umeshika ile simu, na mimi nikasema nzuri, shemeji, karibuni!

Nikampelekea baba habari.  Akaomba simu, akampigia mwenyewe. Nikasikia akisema: "Ng'ombe zenu zipo. Zimebadilika sura tu. Njooni mzikague."

Akanirudishia simu. Watachukua gari, akasema, na Wegesa atabaki. Alikuwa anatabasamu—baba yangu! Mwaka mzima wazee wenzake wamemcheka kilabuni kwa ajili ya hilo gari, na leo kaona limekuja kumlipa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Baba, gari linaumwa. Maneno matatu. Nikasema, "Sawa, baba." Matatu pia, ukihesabu na kikohozi.

Na kuna jingine, nitaliandika upesi nisije nikaliacha. Aliposema watalichukua, kilichonichoma kwanza kilikuwa gari. Niliona kiti changu, nikamwona Werema amekikalia. Wegesa alinijia baadaye. Si baadaye sana. Lakini baadaye.

Jumatatu, 15 Septemba

Kwa fundi Odongo. Kafungua, kanusa, kachovya kidole, kautazama ule uji wa oili na maji.

"Omera, hii injini hukuendesha. Ulikaanga."

Silinda hedi imepinda. Ishushwe, ipelekwe Mwanza ikanyooshwe, gasketi mpya, halafu tuombe Mungu. Nikamwambia gari linatakiwa Jumamosi. Akasema basi ningekuja mwezi wa saba. Nikauliza hakuna njia nyingine.

"Ipo dawa. Unamwaga kwenye rejeta, inaziba. Lakini hiyo ni panadol. Kichwa kitaacha kuuma, ugonjwa utakaa pale unakungoja."

"Itashika mpaka lini?"

"Uliza gari." Akafuta mikono. "Unamuuzia nani?"

"Shemeji."

Akaacha kufuta mikono. "Mimi shemeji simuuzii hata ndizi."

Akamwaga dawa. Mimi nikamshikia tochi. Nilimshikia vizuri, sikutikisika.

Alhamisi, 18 Septemba

Sirari na kurudi. Taa haikuwaka! Nikaongeza mwendo makusudi, nikawasha na vipoza hewa, nikabeba akina mama watatu wenye mizigo na maneno. Haikuwaka. Nikaimba njiani. Mwizi aliyeona mbwa amelala naye huimba hivyo, moyoni.

Jioni nilimpeleka Wegesa sokoni. Akawa anaiangalia dashibodi.

"Imepona?"

"Imepona."

"Umeitengeneza kweli?"

"Odongo kaishughulikia."

Sikudanganya. Ndio ufundi wangu huo: huwa sidanganyi, huwa naishia njiani.

Akaanza kusema mipango, na Wegesa si mtu wa kusema mipango. Eunice, yule mshonaji wa karibu na soko, atampa kona ya kuweka cherehani. Sare za shule zinashonwa mwaka mzima. Atapanga chumba. Mlango uwe na komeo kwa ndani—hilo alilisema mara mbili. Usiku wa jana, alisema, kwa mara ya kwanza alilala mpaka mtoto akamwamsha.

Kabla ya kushuka akanishika bega. "Asante, kaka."

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 19 Septemba

Asubuhi nilikwenda hadi mlangoni kwa baba, nikamsalimia, nikaeleza habari za mvua. Nikarudi.

Jioni vilevile.

Jumamosi, 20 Septemba

Wamekuja. Wako nje sasa hivi ninapoandika. Nimetumwa ndani kuleta kadi ya gari.

Niandike haraka.

Werema kavaa koti. Baba yake mdogo, Mzee Ryoba, ana fimbo na jicho moja linalofanya kazi ya macho manne. Shikamoo mzee. "Marahaba. Iko wapi?"

Hakutaka kiti wala chai. Akaizunguka Passo taratibu, akaigonga ubavuni kwa fimbo, akasikiliza. Akainama, akatazama matairi kama anayetazama kwato. Wazee wa kwetu wakamfuata nyuma wote, nao wakawa wanainama.

"Inatoka zizi la nani?"

"Japani, mzee."

"Japani ukoo gani?"

Watu wakacheka. Nikafungua boneti. Akaingiza kichwa chote, nikadhani ataomba aone meno.

"Imewahi kuugua?"

 Hata Werema alinitazama. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mpana, ng'ombe wote wangepita.

"Mafua tu, mzee," nikasema.

Wakacheka tena! Baba ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mzee Ryoba akangoja kicheko kiishe. Akasema ng'ombe wa mahari akifa mapema, aliyemtoa hutoa mwingine. Na hii ni hivyohivyo. Ikifa kabla ya mvua za masika, wanarudi kumchukua mke wao. "Na siku hiyo hatutakuja kunywa chai." Baba akasema haki. Wazee wakasema haki. Wakashikana mikono.

Nikadhani imekwisha. Haikwisha.

"Mwenye ng'ombe hasemi ng'ombe wake ana kupe," akasema mzee. "Aulizwe mwanamke. Yeye ndiye atakayerudi."

Wegesa akaitwa kutoka jikoni. Akasimama mbali na Werema, mtoto akiwa mkono wa kulia. Gari ni zima? Hakunitazama hata mimi, alivyo na uhakika.

"Iliumwa," akasema. "Niliona kwa macho yangu, siku nilipokuja. Lakini kaka kaitengeneza. Nimeipanda. Ni nzima."

Ndivyo alivyosema. Yeye kawaambia hata nilichokificha, halafu akaweka jina langu juu yake kama mfuniko.

Mzee Ryoba akanitazama kwa lile jicho. "Mafua, eh?" Halafu akamwambia Wegesa: "Vizuri. Panda. Twende Nyamongo, turudi. Tukirudi salama, ukishuka hapa umeshuka na kwenye ukoo wetu. Isipofika, tunaendelea na safari kwa miguu mpaka Natta, na wewe ukiwemo."

Werema akanyoosha mkono, nikampa funguo. Baba akasema, "Thadeo, lete kadi, wakirudi tumalize."

Kadi ninayo. Ilikuwa juu ya meza, sikuitafuta hata kidogo. Nimekaa kitandani.

Nikitoka nikasema, mzee hatangoja ng'ombe wazaliwe. Wegesa anaondoka nao leo. Nisiposema—labda dawa itashika mpaka Nyamongo. Itashika, njia ile si mbaya. Labda itashika mwezi. Atapanga chumba, atafunga komeo, atazoea kulala. Ndipo watakapobisha hodi.

Kuna la tatu. Kutoka, kusema mbele ya wote kwamba niliwadanganya, kwamba ng'ombe wa Werema ni deni langu mimi na si la Wegesa, nitawatafuta hata kwa kushuka mashimo ya dhahabu Nyamongo, na anayemtaka Wegesa leo anipite mimi kwanza. Wazee wangeguna. Baba angekosa pa kuangalia. Lakini lingewezekana. Nimeliona sasa hivi tu. Uongo! Nililiona tangu siku ile ya Mto Mara, pale aliposhuka kumimina maji. Nililikalia.

Namwona kwa dirisha. Kakaa nyuma, mtoto mapajani, Mzee Ryoba pembeni yake na fimbo katikati ya magoti. Wegesa anautazama mlango huu. Ananingoja niende nao, nadhani. Kiti cha mbele hakina mtu.

Werema kawasha. Yule mwanamke wa Kijapani kasema maneno yake.

"Huyo kaka yenu anaitafuta kadi au anaiandika?" Mzee Ryoba huyo. Wamecheka wote. Wegesa kacheka pia, kwa sauti, sijamsikia akicheka hivyo tangu aolewe.

Honi.

"Thadeo!" Baba.

Nimejibu, "Naja!"

Bado nimekaa.