Maji ya Lusu, Hesabu za Baba Shani

Baba Shani,

Siwezi kutulia. Mama yako ananiambia mwenye eda hukaa chini akamwomba Mungu. Nakaa, kisha najikuta nimesimama dirishani naitazama barabara ya Chemchem kama nina mgeni. Acha nikuandikie, labda mikono itapata kazi.

Kompyuta yako imekufa. Matanga hayajaisha, ikagoma kuwaka, fundi akasema hakuna namna. Programu yako ya kutafuta maji ardhini nilikuwa nayo kwenye flashi, lakini kaka yangu alinipa kompyuta ya aina nyingine kabisa, na humo haikukubali hata kufunguka. Sababu unaijua. Programu ile haisimami peke yake. Inaegemea maktaba za hesabu, zile programu ndogo ndogo walizoandika watu wengine, watu tusiowajua, na kwa mashine hii ilibidi nizijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wao wa asili. Kazi hiyo ilikuwa yako. Mimi nilikuwa wa kuvuta waya za vipimo mashambani.

Na watu wa Lusu, kule Nzega, walikuwa wanangoja. Vipimo vyao tulichukua pamoja, juani, ng'ombe wakizikanyaga waya zetu nawe ukiwaamkia "shikamoo" ili wapishe. Mtambo wa kuchimba ulishafika kijijini. Masanja, msimamizi wao, akawa ananipigia kila asubuhi: "Shemeji, tuchimbe wapi? Wazee wanataka pale karibu na shule."

Nikaanza kujenga. Maktaba ya kwanza ikakubali. Ya pili ikasema haiioni ya kwanza, na ilikuwa pale pale! Nililia, Baba Shani, kwa hasira. Kumbe nimeiweka kwenye folda ambayo mwenzake haitazami. Nikaihamisha, ikapita. Masanja akapiga tena. Ningeweza kumpa jibu wakati ule ule, lakini nikakusikia: "Ikikubali kujengwa, haijakubali kuhesabu."

Nikaendesha majaribio. Jibu moja likatoka na makosa. Nilikuwa nimeiamuru mashine izijenge maktaba ili hesabu ziende mbio, na mbio zile zikaziharibu. Nikafuta kila kitu, nikaanza upya bila haraka. Mimi huyu, bila haraka! Majaribio yote yakapita. Kisha nikaipa vipimo vya kisima cha Kwihara, ambacho tunakijua kina cha maji yake. Ikasema kweli.

Ndipo nikaiuliza habari za Lusu. Ikanionyesha ng'ambo ya njia ya ng'ombe, mbali na shule. Nikampigia Masanja.

"Una uhakika, shemeji?"

"Chimba."

Kutwa nzima nilizunguka ua. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Shani akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Alasiri simu ikaita, na maneno ya Masanja sikuyapata mwanzoni kwa vigelegele vilivyokuwa nyuma yake. Maji yametoka, mume wangu. Si mengi. Ya watu yanatosha, ya mifugo bado. Lakini ni matamu, amesema.

Nikaita, "Baba Shani! Njoo uone!"

Kwa sauti. Na kompyuta nilishaigeuza upande wa mlango.

Mama yako akatoka jikoni, mikono ina unga. Nilidhani atanikemea. Akavuta kiti chako, akaketi, akaifuta mikono kwenye kanga polepole.

"Nionyeshe mimi," akasema.

Nikamwonyesha yote, hadi pale maktaba ilipokataa kumwona mwenzake, na hapo akacheka. Alicheka kama wewe, mabega kwanza. Tukalia baadaye, sote wawili, unga ukiwa umetapakaa kwenye vitufe.

Pumzika, Baba Shani. Mungu akupanulie mahali ulipolala. Eda ikiisha nitakwenda Lusu kuyanywa maji yale, na mama yako nitakwenda naye. Nakuahidi. Ameshaanza kuuliza basi la Nzega linaondoka saa ngapi.

Mkeo,
Mama Shani