Rejeta ya Marehemu Baba na Maji ya Barabara ya Maracha

Koboko,
20 Februari 1991.

Mpendwa kaka Nasuru,

Salaam aleikum. Hujambo huko Kibera? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Sisi wote wazima, mama anakula vizuri, na mkeo Aminah ni mzima pia. Natangulia kusema hivyo kwa sababu nakujua: ukiona barua yangu ndefu unaanza kutafuta nani amekufa. Hakuna. Lakini kaa chini.

Kwanza niungame. Ile Landrova ya marehemu baba ilianza kuvuja rejeta mwezi wa kumi na mbili. Fundi Natale wa Arua aliniambia niilete. Mimi nikafanya kama madereva wote wa hapa: nikatia unga wa muhogo uzibe tundu. Ikaacha kuvuja, nami nikajiona fundi. Ilipovuja tena nikaongeza unga, na yai juu yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, uchungu ukamshika Aminah. Rosa Kiden, mkunga wetu, akampapasa tumbo na kuniambia mtoto amelala upande. Hapa hazaliki, ni hospitali Arua, na upesi. Gari jingine halikuwepo. Tukamlaza nyuma juu ya godoro, Rosa pembeni yake, tukaondoka.

Hatujafika Nyadri, mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafunika kioo. Unaijua Februari yetu, vijito vyote vimekauka. Dumu langu moja la maji likaisha hapo hapo. Nyuma, Aminah alikuwa ameacha kulia, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kilio. Nilijua ni unga wangu umeziba mirija. Wallahi, kaka, niliona namuua mkeo kwa uji.

Ndipo wakaja wanawake watano kutoka kisimani, mitungi kichwani. Kisima chenyewe siku hizi kinatoa maji kwa kikombe. Walikuwa foleni tangu alfajiri. Sikuthubutu kuomba. Bibi mmoja, mkubwa wao, akachungulia nyuma, akamwona Aminah, akatua mtungi wake mbele ya gari.

"Mama iko na uchungu," akasema. "Mtungi haiwezi kumpita hivi hivi."

Tukangoja injini ipoe kidogo. Nikafungua kifuniko kwa kitambaa, nikatia maji polepole huku injini ikiunguruma, maana ukiyamwaga ghafla kichwa cha injini kinapasuka. Ikaenda mitungi yote mitano, hawakubakiza hata ya kunywa. Kisha yule bibi akageukia mlima akapiga ukelele mrefu, ule wa Walugbara wa kuitana kutoka mbali, kila mtu na wake. Mbali kule mtu akaitikia.

Sikuelewa mpaka gari lilipochemka tena, maili nne mbele. Kaka, wanawake wengine walikuwa wamesimama kando ya barabara na mitungi, wanatungoja. Baada ya ile ya kwanza tulichemka mara nne kabla ya kufika mjini, na mara zote nne maji yalikuwa yamefika kabla yetu. Tangu mwaka wa 79 nimeona mengi, kukimbilia Zaire na kurudi, lakini jambo kama hilo sijapata kuona. Rosa alikuwa anasali rozari yake huku machozi yanamtoka, mimi nasoma Fatiha, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Aminah alipasuliwa saa saba mchana. Umepata binti, kaka. Miguu mirefu ni yako.

Natale alipoifungua ile rejeta akakuta ugali mkavu. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanigombeza kisawasawa. Zaidi ya nusu ya mirija haikupitisha hata pumzi. Akanipatia nyingine kutoka Landrova iliyokufa nyuma ya gereji moja Ediofe, akaisafisha, akahamisha mashikio yake kwa kulehemu kwa sababu yalipishana inchi moja, akabadilisha na mipira ya maji. Sasa tunapanda mlima na mshale umelala. Amenilisha kiapo kwamba unga ni wa sufuria.

Wakati wa kumrudisha Aminah nyumbani nilijaza madumu sita kwa ajili ya wale wanawake wa kwanza. Yule bibi akayakataa. Alitaka kumwona mtoto tu. Akampakata muda mrefu. Jirani yake ndiye aliyeninong'oneza kwamba siku ile nyumba zao hazikupika.

Dereva Lokule anakuja huko na lori la tumbaku, ndiye niliyempa barua hii. Mama anakusalimu sana, na Rosa, na Natale anayesema uje uone kazi yake. Mungu akulinde barabarani, akurudishe kwetu salama.

Nisamehe kwa ule unga, kaka, na kwa jambo moja zaidi: hatukungoja jina kutoka kwako. Siku ya saba shangazi zetu walikuja hospitalini na majina ya ukoo, Aminah akayakataa yote. Amemwita Zamzam.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kamisi