Picha ya Ngana ndani ya Bahasha

Jumatatu, 3 Juni 1912
Nimepata kazi! Mzee mzima mimi! Waandishi wa magazeti wanakuja kutoka Ulaya, na Bwana wa kampuni ya mashamba anawatengenezea bahasha, kila mmoja yake: karatasi za kuisifu nchi yetu, konzi ya mpunga, kijungu cha udongo cha wafinyanzi wa Ikombe, kidogo kama ngumi. Wasome, washike, wakaandike. Mimi nafunga kamba. Kijungu kimoja nimevunja — nimemsingizia mbuzi.

Jumatano, 5 Juni
Leo picha! Nimempeleka Bwana na sanduku lake la picha Ngana, kijijini kwa wanangu. Wanangu wenyewe wamechukuliwa upagazi. Nilijipaka mafuta, nang'aa. Kutokea tu, wakamwana wakaniona — loo! Kwetu mke wa mwana haonani na baba mkwe, hata sauti yake haisikilizi. Majembe chini, watoto mgongoni, wote wakatokomea migombani. Bwana akapiga picha ya migomba mitupu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatatu, 10 Juni
Sicheki tena. Lameck, karani wa Bwana, mtu wa pwani, amenisomea maneno ya Kijerumani ya chini ya ile picha, inayotiwa kwenye kila bahasha: ardhi nzuri, haina watu, anayeitaka aje aichukue. Haina watu! Nikamwambia Bwana watu wapo, walinikimbia mimi. Akasema picha haisemi uongo. Magazeti yakiandika hivyo, wanangu watarudi wakute shamba la Mzungu!
Mke wangu Atuganile kaniuliza, huko ulikwenda kuonyesha uso gani? Nikamwambia, huu huu, sina mwingine. Hakucheka. Kaenda Ngana kuwapanga wakamwana: wageni wakija, walime peupe. Na mimi nisionekane!

Jumamosi, 15 Juni
Waandishi wamefika Ngana! Nimewatoroka njiani, nikasingizia tumbo. Naandika nimelala kifudifudi kwenye matete kando ya shamba, mbu wananila. Wakamwana wanalima, wanaimba — kundi zima! Mwandishi mwenye ndevu nyekundu anatazama picha, anawatazama wao, picha tena. Haya baba, uliza! Kauliza: hawa ni nani? Bwana kajibu, hao vibarua tu. Ndevu kamgeukia mkamwana wangu Anyisile, Lameck akimtafsiria kwa Kiswahili: shamba la nani? Anyisile kajibu kwa Kinyakyusa, kwa sauti kubwa: la mume wangu! Lameck hajaelewa hata neno. Sasa anaita: Babu! Babu, uko wapi? Njoo utafsiri!
Nikitoka, watakimbia. Nikikaa, jibu litabaki lile la Bwana.
Nimekohoa, asikie sauti yangu. Anyisile kageuka huku. Jembe hajalitupa. Hajakimbia bado —