Pumzi Thelathini na Nne

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza kufuatana na daktari wodini. Ili wiki hizi zisipite bure kabla ya chuo cha udaktari, nimejiwekea kanuni: kusimama miguuni pa kitanda, kuandika saa kabla ya jambo, kuuliza swali moja tu, jioni. Daktari ameongeza yake: mbele ya mgonjwa, mtazamaji hana mdomo. Sista mkuu ameshanibatiza Bi Daftari. Eti nitawaandika hadi wanavyopiga chafya! Nimeandika hata hilo.

Jumatano, 6 Machi
Katika chati zote, safu ya pumzi inasema 20. Kitanda cha kwanza, 20. Cha tisa, 20. Swali la jioni likawa hilo. Daktari akatabasamu kwa uchovu: mapigo yana mashine, joto lina kipimo, pumzi zinataka mtu asimame dakika nzima — nani anayo?
Mimi ninayo.

Ijumaa, 8 Machi
Kitanda cha saba: mama mshonaji, homa ya mapafu. Saa 4:12 asubuhi nilimhesabia pumzi, dakika nzima. 34. Nikarudia — 34. Chati: 20. Daktari alishahamia cha nane. Niliandika, nikajiambia swali la leo limepatikana. Kwa furaha, Mungu anisamehe. Jioni daktari aliitwa upasuaji. Swali likalala.

Jumamosi, 9 Machi
Kitanda cha saba kimetandikwa upya. Shuka halina mkunjo.

Jumatatu, 11 Machi
Huenda angekufa hata hivyo. Ni hoja halali. Nimeipima pande zote. Lakini 34 haikuwa hukumu, ilikuwa sababu ya kumtazama tena. Hakuna aliyemtazama tena.
Mchana, mezani, shangazi ameng'aka: mbona namkodolea kifua, ana doa? Pumzi kumi na sita kwa dakika, za mtu mwenye afya. Sikuweza kumwambia.

Jumanne, 12 Machi
Kifo cha kitanda cha saba kitajadiliwa Alhamisi. Sista mkuu anasema hakuna neno, chati iko safi. Daktari ataniandikia barua ya kunipendekeza chuoni kesho. Amesema nimpelekee daftari aone nilichojifunza.
Daftari limeshonwa katikati. Ukichomoa karatasi moja, mwenzake wa upande wa pili hulegea. Nimejaribu ile ya Ijumaa kwa kidole, nikaacha.

Jumatano, 13 Machi
Saa 3:40 asubuhi, benchi la nje ya ofisi. Daftari liko ndani, kurasa zote. Nasikia zikigeuzwa. Nilidhani kulikabidhi ndiko kulikuwa kugumu.
Binti wa mshonaji amekaa kando yangu; amefuata cheti cha kifo. Amenitambua. Ijumaa ile aliniuliza: dada, mbona mama anahema hivi? Nilimjibu kwamba daktari ameshamwona. Hapo mdomo nilikuwa nao! Jibu hilo halimo daftarini.
Ndani, kurasa zimenyamaza.
Binti anaitazama kalamu yangu. Anauliza, kwa upole, siku ile nilikuwa naandika nini —