Moshi wa Tanuri la Mama Safari

Jumatatu, 3 Septemba 1984
Karatasi ya leo imebaki nyeupe. Nimeipaka wanga wa muhogo na chumvi ya iodini, nikaitundika kivulini nyuma ya nyumba, kama nilivyozoea nilipokuwa kwenye maabara ya shule. Ozoni, gesi kali inayodhuru mapafu, ikiwepo hewani, karatasi hugeuka bluu. Moshi wa tanuri la matofali la jirani yangu, Mama Safari, umejaa mtaa wetu wote wa Maisaka. Kifua kinabana. Viberiti bado hakuna madukani, kwa hiyo yeye ameniletea makaa ya tanurini kwenye kigae, kama kila asubuhi.
"Shikamoo mzee. Bado unaanika nepi?"
"Marahaba. Moshi wako utanimaliza."
"Basi kesho nisilete moto?"
Akacheka. Sijaongea na mtu mwingine leo.

Alhamisi, 6 Septemba
Mkutano wa kata. Marufuku kuchoma matofali mjini, kwa sababu ya moshi. Nilinyoosha mkono kuunga mkono. Nilifikiria kifua changu tu.

Jumatano, 12 Septemba
Tanuri limepoa. Mlima Kwaraa unaonekana hadi kileleni. Nimelala bila kukohoa. Mama Safari anashinda kijijini Mutuka, nje ya mji, akitafuta mahali pa kuchomea. Hakuna makaa, hakuna hodi. Kiporo na maji baridi.

Ijumaa, 14 Septemba
Karatasi ni bluu iliyokoza. Nimerudia na nyingine. Bluu vilevile. Jua ni kali, malori ya barabara kuu yanapita kama kawaida. Labda moshi ulikuwa unaila ozoni, labda ulikuwa unafuta rangi tu. Sina chombo cha kuniambia. Lakini hewa inayoonekana safi si lazima iwe safi.

Jumapili, 16 Septemba
Baada ya misa nimemwonyesha mwenyekiti karatasi. Nimeomba tanuri lihamishiwe pembeni hapahapa Maisaka, upande upepo unakoelekea, mama asifukuzwe. Akainusa karatasi. Watu wakacheka. "Mzee," akasema mwenyekiti, "hewa tunaiona kwa macho." Amri imebaki.

Jumamosi, 22 Septemba
Amehama. Vyombo vyote vimeenea kwenye mkokoteni mmoja. Kule juu Mbulu nyumba yangu ilibomolewa wakati wa operesheni ya vijiji, nikaletwa huku chini na masanduku mawili ya vitabu. Najua mtu anavyogeuka kutazama mlango wake. Leo nimemhamisha mtu mimi.
Ameniachia chungu cha majivu, makaa ya jikoni kwake ndani. "Usiusahau moto, mzee. Mutuka ni mbali, sitakuja kila asubuhi." Ule mkono wangu mkutanoni aliuona. Hakuutaja.

Jumatatu, 24 Septemba
Nimefukua majivu. Kaa moja lilikuwa bado jekundu. Nimelipuliza taratibu mpaka likashika. Chai bila sukari. Nilikuwa nimetoa vigoda viwili, nikarudisha kimoja ndani.
Karatasi ni bluu. Sikohoi.
Nimefunika moto tena kwa ajili ya kesho.