Shada Lililowahi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kurasa saba! Mtu anataka kumpelekea mwenzake keki na ua moja, namburuza kurasa saba. Leo nimekaa na Fortunata barazani kwao, nikampa simu yenye apu yangu, nikafunga mdomo kumtazama anavyohangaika. Ni jirani yangu hapa Rasbura, mke wa Lukas, na ndiye wa kwanza kunijaribia. Picha kazipenda. Bei kazielewa. Kafika kwenye kalenda — kakwama. Kabonyeza mwaka jana! Akasema, dada Devota, mtu akinunua kitu si anakitaka leo? Tarehe ya nini?

Kweli. Tarehe ya nini.

Mama mkwe wake, Mama Sixbert, alikuwa kajilaza mkekani anaota jua. Kacheka mpaka akakohoa. Amekonda, masikini. Hospitali walimrudisha nyumbani mwezi uliopita, wakasema alishwe anachopenda. Fortunata ndiye anayemwogesha, ndiye anayemnywesha uji kwa kijiko. Wanawe wa kuwazaa ni wawili: Lukas yupo, Sixbert mkubwa yuko Dar anatuma salamu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kalenda nimeitoa. Imebaki chini kabisa, maandishi madogo: "siku nyingine". Usipogusa, basi ni leo. Simu ya kuthibitisha nayo nimeitoa, nani ana muda wa maswali. Na jina la mtumaji linafichwa mpaka mwenyewe atake lionekane, maana watu wanapenda kushtukizana. Kurasa tatu tu sasa! Nimejipongeza kwa soda.

Alifiya kasema hata bibi yake ataweza. Huyu ndiye mwenzangu wa kazi. Bidhaa zote zinatoka dukani kwa baba yake, mzee Gulamhussein. Akauliza, mashada ya msiba nayo tuyaweke? Nikamwambia weka. Wakristo wa hapa tunanunua. Tusidanganyane, siku ya wapendanao Lindi ni moja kwa mwaka, misiba kila wiki.

Fortunata kaitangaza apu nyumba nzima. Anajivuna kuliko mimi niliyeitengeneza.

Jumapili, 10 Agosti

Oda tisa tangu Nanenane. Nane keki, moja vikombe. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza. Nimelala mchana kama mtu mwenye raha zake.

Jumanne, 12 Agosti

Ee Mungu wangu.

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitachanganyikiwa. Saa tatu asubuhi oda imeingia dukani. Shada kubwa. Utepe uandikwe MAMA PUMZIKA KWA AMANI. Lipelekwe kwa Mama Sixbert, Rasbura. Siku: leo.

Alifiya kaamini mama kafariki. Kwao Waislamu maiti hasubirishwi. Akifa asubuhi, alasiri wameshazika. Kaona tumechelewa. Akamkimbiza Maftaha wa bodaboda: wahi, wasije wakazika shada halijafika! Hakunipigia mimi. Mimi ndiye niliyesema hakuna kupiga simu.

Maftaha ni mtu wa Kilwa Kivinje, Mwislamu, mashada ya msiba hayajui. Kafika, kamkuta bibi peke yake barazani anaota jua. Kavua helmeti kwa adabu. Shikamoo bibi, poleni na msiba. Akamwekea shada mapajani.

Bibi akausoma utepe. Akamuuliza, mjukuu wangu, amekufa nani?

Haya kanisimulia Maftaha mwenyewe. Kasema kapanda pikipiki akaondoka. Bibi kabaki nalo mapajani mpaka Fortunata aliporudi bombani na ndoo yake.

Jumatano, 13 Agosti

Tangu alfajiri kelele. Shangazi Justa, dada wa marehemu mume wa Mama Sixbert, kasimama uani kama hakimu. Humu ndani nani anaijua hiyo apu? Fortunata. Nani amechoka kuogesha na kunyanyua? Fortunata. Kilichobaki ni nini, si kumwombea mgonjwa afe? Na lile neno akalisema, kwa sauti, majirani tunasikia. Mchawi.

Nguo zimetupwa nje. Lukas kasimama anatazama vidole vya miguu yake! Fortunata kaokota kanga mbili na kandambili, kaenda kwao Mingoyo. Kanipita mlangoni kwangu bila kunisalimia.

Nikaingia kufungua oda. Nilitaka kujua ni shetani gani huyu.

Jina: Sixbert.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempigia. Kwanza kakana. Halafu akalia, mwanaume mzima, nasikia magari ya Dar nyuma yake.

Kumbe ni habari ya maziko ya baba yao. Msemaji alipoita "mtoto wa kwanza aweke shada", shada lake lilikuwa bado kwenye basi, Somanga huko. Akasogea kaburini mikono mitupu, watu wote wanamwona, Lukas mdogo wake analo. Akaapa haitatokea tena. Daktari aliposema mama hana siku nyingi, kaagiza mapema, kwa apu aliyotumiwa na Fortunata mwenyewe. Eti likae dukani lisubiri; pa kuchagua siku hata hakupaona. "Nilijua mtanipigia, dada. Nani anapeleka kitu cha msiba bila kupiga simu?"

Kweli, nani?

Halafu akasema lingine. Nisimtaje. Fortunata ni mtu wa kuja, kwake yatapita. Yeye katoka tumbo la mama yule, mama akijua atakufa na kinyongo. Nikamkatia simu. Nina hasira naye. Na mimi mwenyewe je? Yeye kaagiza shada. Aliyelipeleka ni mimi.

Ijumaa, 15 Agosti

Alifiya hataki nimtaje aliyetuma. Tumeandika wenyewe, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: siri ya mtumaji iko salama. Tukimtaja mmoja, kesho hakuna atakayenunua hata kadi. Kasema kweli. Nimemchukia kwa kusema kweli.

Nikamfuata Lukas. Nikamwambia sio mkeo. Akaniuliza, basi nani? Nikamwambia hilo siwezi. Akasema, kama hutaji, ni yeye.

Jioni nimeirudisha kalenda. Kubwa, juu kabisa, na simu ya kuthibitisha. Imenichukua dakika ishirini. Dakika ishirini!

Jumapili, 17 Agosti

Naandika kwenye simu, nyuma ya jiko la Mama Sixbert. Kikao cha ukoo kimesimama, watu wanakula. Kinarudi saa tisa.

Tulianza baada ya ibada. Katekista mbele, wazee wanne, Shangazi Justa. Fortunata kaitwa kutoka Mingoyo, kakalishwa chini mlangoni. Sixbert kaingia jana kwa basi; kakaa ukingoni mwa kitanda, kamshika mama yake mkono. Kila anayeingia anasema, huyu ndiye mtoto.

Wakaniita. Wewe ndiye fundi wa hicho kitu, utuambie nani aliyetuma. Kabla sijafungua mdomo Mama Sixbert kainua kidole, wote wakanyamaza. Sauti haina nguvu lakini kila neno nimelisikia.

"Mwanangu Devota, siku zangu naziona. Kama ni Fortunata, sema, nimsamehe nikiwa hai. Kama ni mmoja wa niliowazaa, usiniambie."

Nikasimama pale. Niseme sio Fortunata — nimeshamtaja mwanawe. Niseme ni Fortunata — nilaaniwe! Nikamtazama Sixbert. Anatikisa kichwa, kidogo sana, jasho linamtoka. Nikanyamaza. Nje kuna mtu alikuwa anatwanga, akaacha.

Shangazi Justa akapiga makofi. "Mmeona? Ameshindwa kumtetea shoga yake!" Wazee wakaguna. Fortunata kajifunika uso kwa kanga.

Lakini mama hakumtazama Fortunata. Alikuwa ananitazama mimi. Kisha taratibu akautoa mkono wake kwenye mkono wa Sixbert, akauingiza chini ya shuka, akageukia ukutani.

Nadhani hakuna mwingine aliyeona. Katekista kasema tule kwanza.

Ugali wangu upo hapa, umepoa. Fortunata yuko kisimani mwa jirani, wamemtuma maji, mchawi huyo huyo. Lukas kapita mara mbili, macho chini. Sixbert kasimama kwenye mnazi, kanipungia mkono nimfuate, sikwenda. Ni saa nane na dakika hamsini. Nimeifungua ile oda, jina liko pale, na namba yake. Shangazi Justa anaita watu waingie.