Mama, Niliwaambia Wewe ni wa Voi

Mama yangu mpenzi,

Kabla hujafa, nilikuhamisha. Nilikutoa Kigoma nikakupeleka Voi, mji wa Kenya ambao sijawahi kuukanyaga, nikakuacha huko miezi minane bila wewe kujua. Nimekaa na jambo hili kifuani tangu tukuzike. Leo ni Jumapili, mlango nimeurudishia, nimeona nikuandikie kabla halijanikaba.

Unakumbuka tulivyohamahama baada ya baba kuondoka? Nyumba tatu kwa mwaka mmoja. Wewe umejitwika godoro, kaka Elia kabeba sufuria, mimi nimekumbatia chupa ya mawese kama mtoto mchanga. Kila tulipofika kwa mwenye nyumba mpya ulitusimamisha barazani, ukatufuta nyuso kwa ncha ya kanga, ukatuambia, "Mpangaji hafungi mlango kwa kishindo." Nilidhani unatufundisha adabu. Siku hizi najua ulikuwa unaogopa.

Nilipofika Nairobi kushona mapazia, aliyenipokea ni Achieng, mwenzangu kazini pale katikati ya jiji. Alinigawia nusu ya kitanda chake. Kisha dada yake akajifungua, akawa anakuja kukaa naye, ikabidi nitafute pangu. Ndipo nilipoanza kuujua mji huu. Siku za kazi nilitumwa Loresho kupima madirisha ya watu, madirisha mapana kuliko chumba ulichotulelea. Jumamosi nilizunguka Dagoretti nikitafuta chumba chenye dirisha moja tu, hata likitazama ukuta.

Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mchangamfu, akanionyesha hadi pa kuanikia nguo. Akaomba kitambulisho, nikampa paspoti. Aliifunua, akaifunga, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Siste, mimi sina shida na wewe," akasema. "Lakini nyumba yangu sipatiangi watu wa nje. Polisi wakikuja, nitawaambia nini?"

"Nina kibali cha kazi. Kiko humo ndani, tazama."

"Nimekiona. Lakini hapana."

Wa pili alitaka ndugu yangu anayejulikana mtaani. Wa tatu alisema chumba kimeshachukuliwa. Achieng akapiga simu kesho yake, akaambiwa kipo, aje hata leo. Siku hiyo Achieng alikasirika kuliko mimi. "Wewe wacha kutoa hiyo paspoti ovyo," akasema. "Ukiulizwa, sema wewe ni Mtaita wa Voi. Kiswahili yao ni safi kama yenu. Nani atajua?"

Kwa hiyo nilipofika Mutuini, kwenye ploti ya nyumba nne nyuma ya shamba dogo la sukuma wiki, nilikuwa nimeshakariri. Mwenye nyumba anaitwa Mama Mwende, mjane Mkamba wa kutoka Machakos, mfupi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Voi.

"Voi!" Akapiga makofi. "Bwanangu alifanya kazi huko miaka mingi, kwa reli! Voi wapi?"

Mama, jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. "Karibu na stesheni," nikasema.

"Na wazazi wako?"

"Nina mama tu. Yuko hukohuko."

Akanipa funguo. Kitambulisho nikasema nimekisahau kazini, nitakileta. Wiki iliyofuata nikasema kimepotea. Kisha nikasema nimeomba kingine. Kila alipobisha hodi nilisimama kwanza katikati ya chumba nikikumbuka nilimdanganya nini mara ya mwisho. Naye alikuja kwa wema, Mama! Alikuja na bakuli la muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa wanayopika na maharagwe. Alikuja kuniuliza kama paa linavuja. Akiondoka, daima: "Msalimie mama yako." Wema wake ulinitisha kuliko ukali wa wale wa Dagoretti.

Ndiyo sababu nilikuwa nanong'ona. Ulipopiga simu ulianza na Kiha chetu kwa sauti yako ile ya sokoni, nami nilikuwa najua ukuta wetu na jirani ni mbao. Nilikuwa natoka, napita nyuma ya migomba ya pale shambani, nakujibu kwa maneno mawili matatu. Siku moja ukaniuliza, "Mbona unaongea kama mwizi?" Nikasema ni mtandao. Wiki mbili baadaye ukanipigia mchana, Mama Mwende akiwa anachuma mboga hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Nikaikata. Nikasema nitakupigia jioni. Jioni nilikuwa na mapazia ya kumalizia.

Elia ndiye aliyenipigia siku ya tatu, nikiwa kwenye cherehani.

Sikumbuki nilivyofika Mutuini. Nakumbuka Mama Mwende alinikuta bombani nimekaa chini, akaniuliza, nami nikasema tu, "Mama amekufa." Alinibeba, Mama. Mwanamke mfupi vile. Ilipofika saa kumi chumba changu kilikuwa kimejaa: majirani wote watatu na wake zao, wanawake wa kanisani kwake, chai kwenye birika kubwa ambalo sikujua limetoka kwa nani. Hawa watu hawamwachi mtu azike peke yake. Baba Kevin, jirani yangu wa ukutani, alikuwa ameshachukua karatasi, anaandika majina.

"Tukitoka saa kumi na moja asubuhi, saa tano tuko Voi," akasema. "Nani mwingine anaenda?"

Mikono ikainuka. Mama Kevin. Fundi wa viatu wa kule kona. Wanawake wawili wa kwaya ambao sikuwajua hata kwa sura. Nikawa nahesabu mikono huku nikitafuta uongo wa mwisho: kwamba mazishi ni ya familia tu, kwamba umeshazikwa. Midomo ilishafunguka. Ndipo Mama Mwende akasimama, akafumba macho, akaanza kuomba: "Baba, mpokee huyu mama wa Voi. Wewe unamjua kwa jina..."

Nikaona hapana. Nilikuwa nimekunyima sauti yangu ukiwa hai. Sasa nilitaka hata Mungu akutafute pasipo kwako.

"Mama Mwende," nikasema, kabla hajafika kwenye amina. "Mama yangu si wa Voi."

Akafungua macho. "Ni wa wapi?"

"Kigoma. Tanzania. Mimi pia."

Baba Kevin aliweka kalamu chini. Mtu mmoja akacheka kidogo. Mama Mwende akajifunga leso yake vizuri, akatoka. Mmoja mmoja wakamfuata. Birika likabaki katikati ya chumba, limejaa.

Kesho yake asubuhi nilifunga kila kitu, hata sufuria. Nilijua nikienda kukuzika sitarudi hapa. Mama Mwende akabisha. Hakuingia; alisimama kizingitini, macho mekundu.

"Hata mimi sijalala," akasema. "Nimeombea mtu mwenye simjui. Mama yako anaitwa nani?"

"Sabina."

"Alikuwa anafanya nini?"

Nikamwambia ulikuwa unauza mawese sokoni. Nikamwambia ulivyotulea. Nilipoanza sikuweza kuacha. Alisikiliza mpaka mwisho, amesimama vilevile. Kisha akasema, "Mimi sijafurahi. Umetumia Voi ya bwanangu kunidanganya, kwa mlango wangu mwenyewe. Enda uzike. Ukirudi tutaongea. Hivyo vyombo toa kwa mfuko."

Siku mbili njiani, Mama, na sikujua kama nina nyumba. Nilikutupia udongo huku kichwani nawaza mlango wa Mutuini. Nisamehe na hilo.

Niliporudi nilimpelekea paspoti kwa mikono miwili. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akatoa nakala, akanirudishia. Hakuniuliza neno, wala hakunifukuza. Lakini bakuli halikuja tena. Tulisalimiana bombani kama watu wa foleni. Wiki sita. Kila siku nilingojea aje kusema nihame, nikilala nikiamka na hofu hiyohiyo.

Jana mchana akaniita kwa sauti kutoka getini. Nilitoka nikidhani ndiyo siku ya kuhama. Alikuwa amesimama na msichana mwembamba, mtoto mgongoni, mfuko mmoja miguuni. Msichana anatafuta chumba, ile nyumba ya mwisho iliyobaki wazi tangu jirani mmoja ahame, na Kiswahili chake hakikutosha kujibu maswali.

"Anaongea kitu kama ile yako," Mama Mwende akasema. "Nilikuwa nakusikia ukiongea na mama yako huko kwa migomba. Muulize ni wa wapi. Na umwambie asinidanganye."

Kumbe alikuwa anasikia.

Nikamsalimu yule msichana, "Mwakeye." Uso wake ukafunguka ghafla. Lakini nilipomuuliza kwao, alitazama chini, akawa kimya, na mimi niliujua ukimya ule. Alikuwa anachagua mji. Nilitamani kumsaidia, sikujua kwa lipi. Nikamwambia tu kwa lugha yako, Mama, kwa sauti, majirani wote wakisikia, kwamba mimi ni binti wa Sabina wa Kigoma na naishi nyumba ile pale.

Akainua uso. Akasema ni wa Burundi.

Nikatafsiri. Mama Mwende alimtazama yule msichana, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Nilingoja kama ni mimi ninayetafuta. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa aproni akitafuta funguo.

"Mwambie maji inakuja Jumanne na Ijumaa," akasema. "Asikose kuteka."

Pumzika Kigoma, Mama, kwako mwenyewe.

Ni mimi,
kitinda mimba wako.